Ngome Ina Mlango wa Baharini: Nyumba za Mashua na Ufuo wa Culzean

Wazee wangu, shikamooni. Kina mama, kina baba, na nyinyi vijana mlioacha mpira wa Jumamosi mkaja kunisikiliza, ahsanteni sana.

Mwenyekiti wetu aliponiomba nizungumze kabla ya safari yetu ya ngome ya Culzean, kwenye pwani ya magharibi ya Scotland, nadhani alitarajia niwape habari za ngome: nani alimwoa nani, dari gani ilinakshiwa lini, Jenerali Eisenhower wa Marekani alilala ghorofa ya ngapi. Hayo mtaambiwa huko huko na waongozaji, na wanayajua barabara. Mimi ni mwashi. Kazi yangu ni mawe na chokaa, na jioni hii naomba tuzungumzie jengo ambalo wageni wengi hulipita wakiwa njiani kwenda chooni. Nyumba ya mashua.

Naona mnacheka. Lakini hebu fikirini. Milki ya kibwanyenye hapa Scotland, ile iliyokamilika, haikuwa jumba peke yake. Ilikuwa na mazizi ya farasi, nyumba ya kuhifadhia barafu, bustani iliyozungushiwa ukuta mrefu, kijumba cha bawabu getini, na kama palikuwa na ziwa au bahari, ilikuwa na mahali pa mashua. Barabara za nchi hii zilikuwa mbovu kwa muda mrefu, na upande wa magharibi, ambako bahari imeikatakata nchi kama mnavyoona kwenye ramani, njia ya uhakika ilikuwa maji. Makaa ya mawe yalikuja kwa mashua. Mbao, chumvi, mvinyo na barua vilikuja hivyo hivyo. Kwa hiyo mtu akitaka kujua milki ilikula nini na nani aliibebea, mimi humshauri asianzie sebuleni. Aanzie ufukweni.

Halafu likaja jambo la pili, la starehe. Mwaka 1852 mume wa Malkia Victoria, Prince Albert, alinunua Balmoral, na kuanzia hapo kila tajiri wa Uingereza akatamani kuwa na kipande chake cha Scotland cha kuwindia paa na kuvulia samoni na trauti. Reli zikawaleta. Nyumba za mashua zilizojengwa wakati huo zilianza kujipamba: chumba cha juu chenye dirisha pana, mahali pa moto wa kuni, kibaraza cha kunywea chai huku watumishi wakipanga ndoana chini. Nyingine zinapendeza, sikatai. Lakini mimi napenda zile za kazi.

Niwaeleze inavyojengwa. Nyumba ya mashua ya kawaida ni jengo dogo la mawe lenye uso mmoja unaotazama maji. Kwenye uso huo pana tao, na chini ya tao milango miwili mizito ya mbao. Ikiwa ni ziwani, maji huingia mpaka ndani na mashua huelea katikati ya kingo mbili za mawe, unashuka bila kulowesha kiatu. Ikiwa ni baharini mambo ni tofauti, maana bamvua na maji mafu havikusubiri. Hapo hujengwa mteremko wa mawe unaotoka ndani ya nyumba ukashuka mpaka maji yanapokupwa, na mashua hukokotwa juu kwa magogo na winchi. Sehemu ya chini ya milango mara nyingi huachwa na mianya ili wimbi lipite badala ya kuubamiza ubao kwa nguvu zake zote. Paa ni la mawe bapa ya sleti. Sakafu haina cha kuoza. Kila kitu kimewekwa kwa kujua kwamba maji yataingia, na hakuna aliyejaribu kuyazuia.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa kwenye kikosi kilichotengeneza moja ya nyumba hizi, kando ya ziwa huko Perthshire. Mwenye milki simtaji. Kwenye ukingo wa tao, mkono wa kushoto ukiwa unatoka, jiwe lilikuwa na mifereji ya kina cha ukucha, laini kabisa, hata ukipitisha kidole huhisi punje ya mchanga. Nilimwuliza msimamizi kama ni mapambo. Akaniambia nisimame pale, nishike kamba ya kufikirika, niivute mashua ndani. Nikafanya hivyo, na mkono wangu ukaenda wenyewe mpaka kwenye ile mifereji. Ni kamba za watu waliokuwa wakivuta mashua za wageni jioni baada ya jioni, msimu baada ya msimu. Vitabu vya hesabu vya milki huandika bei ya mashua na bei ya rangi. Wavutaji kamba wao wameandikwa pale kwenye jiwe tu.

Hatua mbili kutoka hapo palikuwa na pete ya chuma iliyofungwa ukutani kwa risasi iliyoyeyushwa. Chuma kikishika kutu hufura, kikifura hutafuta nafasi, na jiwe halina nafasi ya kutoa. Lilikuwa limepasuka kuizunguka ile pete pande zote. Kazi ya kulitibu jiwe lile ilichukua muda mrefu kuliko kuezeka upande mzima wa paa, na tajiri alilalamika mpaka tukamaliza.

Lakini adui mkubwa hakuwa chuma. Alikuwa saruji. Saruji tunayoijua leo, ile ya Portland, ilipewa hataza mwaka 1824 kwa jina la Joseph Aspdin, mwashi wa Leeds. Kabla yake, na kwa miaka mingi baada yake, Waskoti walijenga kwa chokaa. Walikuwa na matanuri yao ya kuchomea mawe ya chokaa kwa makaa. Pale Charlestown, Fife, mnaweza kuyaona hadi leo, kazi iliyoanzishwa na Earl (cheo cha kibwanyenye) wa Elgin katikati ya karne ya 18. Ukuta wa jiwe la mchanga uliojengwa kwa chokaa hunywa mvua na kuitoa tena kupitia viungo vyake. Karne ya 20 wakaja watu wenye haraka, wakakwangua chokaa, wakajaza saruji. Ukuta ukawa kama mtu aliyevalishwa koti la plastiki wakati wa kaskazi: jasho halina pa kutokea. Maji yanabaki ndani, baridi ya Januari inayagandisha, na yakiganda yanatanuka. Uso wa jiwe unabanduka, saruji inabaki imesimama peke yake, imara, bila cha kushikilia. Wenzangu wa Unguja wanajua ninalosema. Nyumba za Mji Mkongwe zimeumwa ugonjwa huo huo, na dawa yake ni ile ile.

Haya, twende Culzean. Kwanza jina: hiyo zeti haisomwi, wenyewe hutamka Kaleini, msije mkapotea mkiuliza njia.

Ngome iko kwenye ukingo wa jabali katika pwani ya Ayrshire, bahari iko chini yake moja kwa moja. Ilikuwa ya ukoo wa Kennedy. Mnara wa zamani ulikuwapo pale, kisha Earl wa 10 wa Cassillis, David Kennedy, akamwita msanifu Robert Adam, ambaye aliubadilisha kuanzia 1777 hadi 1792. Mwaka huo huo wa 1792 wote wawili, mwenye nyumba na msanifu, walifariki. Ngazi ya umbo la yai mtaipenda. Chumba cha duara kinachotazama bahari mtakipenda zaidi. Mwaka 1945 ukoo uliikabidhi ngome kwa National Trust for Scotland, shirika la kuhifadhi urithi wa nchi hii, kwa sharti kwamba ghorofa ya juu apewe Eisenhower aitumie maisha yake yote, ndiyo maana kila mwongozaji atamtaja. Na mwaka 1969 eneo lote likawa hifadhi ya umma ya kwanza ya aina yake Scotland. Hayo ndiyo ya juu.

Sasa tushuke.

Chini ya jabali kuna ufuo. Kuna nyumba ya gesi, na hiyo nawaomba msiipite. Katika karne ya 19 ngome iliwashwa taa za gesi iliyotengenezwa hapo ufukweni kwa kuoka makaa ya mawe. Mtu aliyeonyesha dunia namna ya kuangaza nyumba kwa gesi ya makaa, William Murdoch, ni mzaliwa wa Ayrshire hii hii, kijiji cha Lugar, 1754. Aliwasha nyumba yake mwenyewe huko Cornwall mwaka 1792. Kwa nini gesi itengenezwe ufukweni na si karibu na jikoni? Sababu moja ni harufu, mabwana hawakuitaka. Nyingine ni mgongo wa binadamu: makaa yalikuja kwa bahari, na kila hatua ya kuyapandisha jabalini ni mtu aliyeyabeba. Gesi ikishatoka inapanda yenyewe kwa bomba.

Chini ya ngome kuna mapango pia, yamejengewa kuta za mawe midomoni. Na hapa lazima tuseme ukweli kuhusu pwani hii: karne ya 18 ilikuwa bandari bubu moja ndefu. Kisiwa cha Man hakikuwa chini ya forodha ya Uingereza, kwa hiyo chai, tumbaku na brandi vililetwa pale halali kabisa, kisha usiku vikavushwa mpaka Ayrshire bila ushuru. Serikali ilichoka, mwaka 1765 ikanunua haki za kisiwa kwa pauni 70,000. Magendo hayakufa kwa hilo. Mshairi Robert Burns, aliyetumwa kijiji cha Kirkoswald mwaka 1775 akiwa kijana kujifunza upimaji ardhi, aliandika baadaye kwamba biashara hiyo ilikuwa inashamiri sana alipokuwa huko. Kirkoswald ni jirani wa Culzean, maili chache tu. Katika pwani ya namna hiyo, mashua iliyofungiwa nyumbani na mashua iliyotoka usiku ni mashua moja, na kila mtu alijua kunyamaza.

Kirkoswald hiyo hiyo ndipo tutakaposimama kwa jambo ninalolitaka zaidi katika safari hii. Nawaomba vijana mnisikilize hapa.

Kwenye makaburi ya kanisa la zamani la Kirkoswald kuna jiwe la Scipio Kennedy. Scipio alikuwa Mwafrika. Alichukuliwa pwani ya Guinea akiwa mtoto mdogo, pengine wa miaka mitano au sita, mwanzoni kabisa mwa karne ya 18, akanunuliwa na nahodha mmoja, Andrew Douglas. Jina la Scipio ni la jemadari wa Kirumi. Mabwana wa zama zile walipenda kuwapachika watumwa majina makubwa kama hayo, sijui waliona ni utani. Binti wa nahodha, Jean, akaolewa na Kennedy wa Culzean, na mtoto akaja naye, sehemu ya msafara wa bibi harusi. Akakulia pale.

Mwaka 1725 walimwandikia hati ya uhuru. Hati hiyo ipo mpaka leo, imehifadhiwa katika nyaraka za taifa mjini Edinburgh. Nayo ni hati ya ajabu: inamwachia huru, na papo hapo anakubali kuendelea kuwatumikia kwa miaka 19 mingine, safari hii kwa ujira. Wako wanaoisoma kama ukarimu wa ukoo. Mimi naisoma kama mwashi aliyewahi kusaini mikataba: mtu asiye na ndugu, asiye na shamba, asiye na nauli wala pa kurudi, alikuwa na nguvu gani ya kukataa kifungu cha pili ili apate cha kwanza?

Lakini Scipio hakuishia kwenye hati. Mwaka 1728 alimwoa Margaret Gray, mwanamke wa huko huko, wakapata watoto wanane. Alikaa kwenye milki, akazeeka, akafariki mwaka 1774 akiwa na miaka kama 80. Jiwe la kaburi aliliweka mwanawe, na mwana huyo aliitwa Douglas. Mmeliona hilo? Baba alibeba jina la ukoo uliommiliki, na mwana akapewa jina la ukoo wa nahodha aliyemnunua baba yake. Pengine lilitolewa kwa heshima ya Bibi Jean, ambaye kwa kuzaliwa alikuwa Douglas. Hata kama ni heshima, ni jina zito kwa mtoto.

Miaka minne baada ya kifo chake, mwaka 1778, mahakama kuu ya Edinburgh iliamua katika kesi ya Joseph Knight, Mwafrika mwingine aliyeletwa kutoka Jamaica, kwamba sheria ya Scotland haitambui utumwa. Na mwaka mmoja kabla ya uamuzi huo Robert Adam alikuwa ameanza kuchora ngome tunayokwenda kuipiga picha. Kwa maneno mengine, Scipio hakuiona kamwe ngazi ya yai. Culzean aliyoijua yeye ilikuwa mnara wa zamani, mapango, na ufuo. Tukisimama ufukweni tutakuwa tumesimama kwenye Culzean yake.

Karne moja baadaye ufuo ule ulipata kelele mpya. Mrithi wa wakati huo, Archibald Kennedy, Marquess wa tatu wa Ailsa, alikuwa na kichaa cha mashua. Aliagiza za mashindano na kuzipa majina ya mbwa wa kuwindia: Foxhound mwaka 1870, Bloodhound mwaka 1874, baadaye Sleuthhound. Kuagiza hakukumtosha, akataka kuziunda mwenyewe, na katika miaka hiyo ya 1870 akaanzisha karakana ya kuundia mashua pale pale chini ya ngome. Jaribuni kuipata picha: juu mafundi wanamwongezea bwana mkubwa ubavu mpya wa ngome, maana alijenga upande wa magharibi kati ya 1877 na 1879, na chini mafundi wengine wanapinda mbao, wanagongelea misumari ya shaba, wanatia kalafati. Milki nyingi zilikuwa na nyumba ya mashua. Yeye aliigeuza kiwanda.

Ufuo ule ni mdogo, uko wazi kwa upepo wa magharibi, na meli haziundwi kwa hisani ya hali ya hewa. Mwaka 1885 shughuli ikahamia Troon, kaskazini kidogo, ikawa kampuni ya Ailsa ya kuunda meli, ikadumu zaidi ya karne moja. Mwaka 1902 ndiyo iliyoifanyia matengenezo meli ya Scotia kabla haijawapeleka wanasayansi wa Scotland Antaktika. Watu wa Troon bado wanazungumzia uwanja ule, baba zao walifanya kazi humo. Kwangu mimi hilo ndilo jambo zuri kuliko yote yaliyofanywa na ukoo huo, kuliko hata ngazi, kwa sababu lililisha familia zisizo zao.

Kutoka pale ufukweni, siku ikiwa safi, mtaona kisiwa cha Arran, mtaona jabali la Ailsa Craig limesimama peke yake, ambalo itale yake huchongwa mawe ya kurling, mchezo wa kutelezesha mawe juu ya barafu. Na mbali zaidi, nyuma ya maji, mtaona rasi ya Kintyre. Hapo ndipo alipozaliwa William Mackinnon, mjini Campbeltown, mwaka 1823. Wakenya mliomo humu mmepita jina lake mara nyingi kwa basi la Mombasa: Mackinnon Road, penye msikiti na kaburi la Sayyid Baghali, ambapo madereva husimama kuomba dua. Ni yeye. Alitajirika kwa meli za India, na kampuni yake ya Imperial British East Africa, iliyopewa hati ya kifalme mwaka 1888, ndiyo iliyotawala Mombasa na bara yake mpaka 1895. Utajiri huo ulimnunulia milki huko huko Kintyre, Balinakill, na alikuwa na yoti yake ya mvuke. Kwa hiyo msidhani kwamba habari ya Mwafrika na milki za pwani hii iliishia kwa Scipio. Ilibadilisha mkondo tu.

Na maji haya mtakayoyatazama ni mlango wa mto Clyde. Walio wa Mwanza na Bukoba wanaijua MV Victoria. Iliundwa Scotstoun, Glasgow, mwaka 1960, ikafunguliwa vipande vipande, ikavushwa bahari mpaka Mombasa, ikapakiwa kwenye reli mpaka Kisumu, ikaunganishwa upya. Kuna mzee wetu mmoja hapa aliyesafiri nayo akienda kuposa. Aeleze mwenyewe akitaka.

Sasa mambo ya safari. Tutaangalia kwanza jedwali la maji, tushuke ufukweni maji yakiwa yametoka, ngome itatusubiri. Vaeni viatu vyenye meno, mawe yana mwani. Watoto wasiingie mapangoni bila mwongozaji. Mkiona ukuta wa zamani, msichokoe chokaa kwa kucha wala funguo. Majengo haya yanalindwa kisheria, na hata yasingelindwa, kuna mtu kama mimi atakayekuja kuziba. Mkiwa ndani, mwulizeni mwongozaji habari za Scipio. Mwulizeni kwa sauti, wageni wengine wasikie. Wengi watajibu vizuri sana. Kisha tutapitia Kirkoswald, na ningependa tufike kabla jua halijatua, kwa sababu maandishi ya jiwe lile yamelika na yanasomeka vizuri mwanga ukija kwa ubavu.

Nimemaliza upande wangu. Tuingie kwenye maswali, nianze na Mzee pale nyuma, ambaye ameinua mkono tangu nilipoitukana saruji.